Mulango Yenye Baligawanya Sawa Mbuzi

Mama Godelive akikasirika, hapigake kelele. Anakamata mufagio. Majirani ya pale Kimemi, mu Butembo, banajua tabia yake. Wakati banaona lupango ya foyer, kiwanja yote mbele ya nyumba ya babinti, inangaa mupaka udongo iko sawa sahani, banaambiana polepole: leo kule ndani kuko mutu alimuchokoza Mama Gode.

Mwaka ya mulango, ile lupango haikupata jani hata moja ya kupumuzika.

Alizaliwaka vijiji ya Lubero, mu nyumba ya batoto mingi. Masomo yake iliishia ku darasa ya sita, juu baba yake alikufa na mashamba ilitaka mikono. Akaolewa, akazaa, akazika bwana yake. Batoto yake bakakomaa, na parokia ikamuomba akuye Butembo kuchunga babinti benye banasoma mujini na bazazi yao banabakia mbali: bengine ku Lubero, bengine upande ya Beni kwenye vita imefukuza batu mu mashamba. Aliingia mu foyer na sanduku moja na rozari ya mama yake. "Nitakaa mupaka Pasaka," alisema. Ile Pasaka ilishapita zamani sana. Babinti ya kwanza benye alichunga, leo banakuya kumuonyesha batoto yao.

Foyer ni nyumba moja ndefu ya matofali. Mwisho moja kuko jikoni ya kuni. Mwisho ingine kuko chumba ya kulala ya babinti. Katikati ni koridoro, na mulango ya kutoka inje iko palepale pembeni ya jikoni. Donc mutu akitoka ku kitanda, lazima apite mbele ya moto ndiyo aone jua. Nyuma ya chumba kuko ukuta ya jirani, na madirisha iko na fito ya chuma, juu ya bezi. Mwenye alijenga vile alishakufa. Mama Godelive anamuombeaka, lakini siku zingine anamuombea na meno imefungana.

Siku moja ya mvua, muchana, babinti bote balikuwa ku masomo, isipokuwa Shekinah. Shekinah anatembea na magongo tangu utoto, na ile siku malaria ilikuwa imemulalisha. Kanyere, mupishi, aliweka mafuta ya ngazi, ile ya mawese, ku moto, akatoka kidogo kuchota maji. Mafuta ikawaka. Moto yenyewe haikuwa kubwa. Kanyere aliimwangia muchanga, ikazima. Lakini moshi haikungojea muchanga. Ilitangulia mu koridoro, ikapita chini ya mulango ya mbao ya chumba, ikamukuta Shekinah mu kitanda. Mama Godelive alimukuta katikati ya njia, gongo moja imeanguka, anapapasa ukuta sawa kipofu. Akamubeba mupaka inje.

Shekinah akakohoa, akakohoa, kisha akasema: "Mama Gode, nilizania nimefika mbinguni. Mais nikasikia harufu ya mafuta ya Kanyere, nikajua bado."

Mama Godelive alicheka. Kisha akarudi mu koridoro, peke yake, akaokota ile gongo yenye ilibakia.

Tangu ile siku aliomba komite ya foyer kitu moja tu: mulango kati ya jikoni na koridoro, pale ya zamani ilishaanguka, mulango ya kuzuia moto na moshi mupaka Shekinah, na magongo yake, afike inje. Hakuomba malashi, hakuomba mabati mupya. Mulango.

Mukubwa ya komite ni Papa Maliro, muchuuzi, mutu ya roho muzuri. Mutu akifiwa, sanduku ya maiti inatoka kwa Maliro. Lakini ukimuambia kitu, anaanza kukujibu mbele umalize.

"Mama, umeshapata," alisema. "Nitakutumia Zorobabel."

Zorobabel ni ajusteur, fundi ya milango ya chuma. Hapa Butembo mulango muzuri ni mulango yenye mwizi anaangalia na anarudi kwake kulala, na ile ya Zorobabel bezi banaiogopa. Alifika, akapima na macho, akagonga ukuta na ngumi.

"Nitakuwekea chuma mbili-mbili. Mama Gode, chuma haiunguake. Ulishaona chuma imekuwa majivu?"

"Hapana, Baba. Lakini nilishaona sufuria imeunguza mukono."

"Sufuria ni aluminium," Zorobabel alisema, sawa mutu mwenye amemaliza maneno.

Mama Godelive alifagia. Kisha akapanda gari, akaenda Beni, kwa dada yake mwenye anakaa Mavivi. Mutoto ya ule dada, Timothée, kazi yake ni ya kuzima moto. Balikaa mu lupango, ndege inapita juu ya kichwa, na Timothée akamueleza huku anavunja maharagi mabichi pamoja na bamama.

"Mama mukubwa, kuko bafundi kule bulaya na fasi zingine, kazi yao ni kuchoma milango. Banasimamisha mulango mu ukuta, na kadre yake ya kuizunguka, na paumelle zake, zile bawaba za kuitundika, na serrure yake ya funguo, yote. Upande moja banawasha moto, banaipandisha kidogo kidogo kwa kipimo. Upande ingine banangojea, banaangalia: moshi inapita? Joto inapita? Inapinda? Ikivumilia saa moja, banaandika saa moja."

"Na kisha banauzisha ule mulango?"

"Ule umeshaungua, Mama. Banakuuzisha ndugu yake."

Mama Godelive aliacha maharagi. "Ndugu yake ya namna gani?"

"Njo swali hiyo. Lazima ikuwe ndugu ya baba moja na mama moja. Unene ileile, kadre ileile, kila kitu. Ndiyo maana banatia namba ku mulango, na kuko batu banaenda kuangalia ku kiwanda kama banaendelea kutengeneza vilevile. Mutu akikuuzisha binamu, karatasi ya ule yenye iliungua haitakusaidia."

Wakati alirudi Butembo, binamu ilikuwa inamungojea. Papa Maliro, kwa haraka yake ya roho muzuri, alikuwa amelipa Zorobabel, na mulango ya chuma ilisimama mu lupango, nyekundu, muzito, na juu yake kikaratasi ya kungaa yenye imeandikwa *coupe-feu*, ni kusema mulango ya kukata moto. Ile kikaratasi Zorobabel aliichapishaka palepale mujini, pembeni ya soko, kwenye banafanyaka kadi za ndoa.

"Kweli imeandikwa," Mama Godelive alisema.

"Imeandikwa, Mama."

"Na nani aliichoma?"

Zorobabel akaangalia Maliro. Maliro akaangalia Zorobabel. "Mama," Maliro alisema, "mulango mupya, tuichome juu ya nini?"

Mama Godelive alifagia mupaka mbele ya jirani. Kisha akakumbuka kama shemeji ya Zorobabel anachomaka matofali, na kama tanuru itawashwa ile juma. Akaomba, kwa upole, kwa sauti ya mutu anaomba chumvi, kama ule mulango inaweza kusimamishwa mbele ya mudomo ya tanuru. Zorobabel alikubali mbio mbio. Alikuwa na hakika. Alialika hata baajusteur bengine, na Papa Maliro akaleta soda na viti, sawa ni sherehe.

Balijengea mulango matofali na udongo kila upande, pakabakia chuma peke yake kati ya batu na moto. Mama Godelive akatundika kitambaa yake ya kichwa ku mukono ya mulango, upande ya inje.

"Hii kitambaa ni Shekinah," alisema.

Kwanza rangi ikaanza kutoa mapovu. Kisha moshi ikatoka pembeni pembeni, sawa pumuzi ya mutu inapita mu meno. Kisha ule mulango ya kuogopesha bezi ikapinda mugongo, kona ya juu ikaachana na ukuta, na ulimi ya moto ikachungulia inje. Kitambaa ikawaka mbele Papa Maliro amalize soda yake.

Baajusteur bengine balikuwa banaangalia viatu yao, lakini mabega ilikuwa inacheka.

"Ah, mais hii ni moto ya matofali," Zorobabel alisema. "Ni moto ya nguvu. Ya jikoni iko na adabu."

"Baba Zorobabel," Mama Godelive akajibu, "basi weye utakuwa unakuya kuikumbusha adabu."

Papa Maliro, tunapashwa kusema haki yake, alielewa. Akasema basi balete mulango ingine, baichome pale, ikivumilia baichukue. Mama Godelive akashika kichwa. Ikivumilia, itakuwa imeshaungua. Tena, Timothée alishamuambia: tanuru ya matofali haina kipimo. Inaweza kukuambia mulango ni mubaya. Haiwezi kukuambia mulango ni muzuri. Kwa ile, kuko benye banajua kuchoma.

Donc balitafuta ya kweli. Mu depo kulikuwa milango mingi yenye imeandikwa maneno ya kungaa, lakini wakati Timothée aliuliza namba, bauzishaji balimuonyesha namba ya telefone yao. Mwisho, mufanyabiashara moja ya Kampala akatuma namba ya kweli. Timothée akaandikia kule kwenye balichoma ndugu ya ule mulango, bakajibu: ndiyo, ule tunamujua, alivumilia saa moja. Papa Maliro akaagiza. Komite ikachanga. Mulango ikapanda lori, ikapita mupaka ya Kasindi, ikakuya.

Ile juma mulango ilipofika, Mama Godelive alikuwa Lubero, ku kilio ya shangazi yake.

Aliporudi, Kanyere alimupokea na uso ya kungaa kupita mafuta. "Mama, kuya uone. Baliweka."

Akaenda kuona. Mulango ilikuwa muzuri kweli, ya rangi ya majivu, muzito, namba yake iko ku ubavu. Lakini ilikuwa imetundikwa mu kadre ya mbao, ile ya zamani, yenye muchwa ilishaanza kula chini. Paumelle ilikuwa zile za zamani pia, mbili, nyembamba. Kati ya mulango na kadre, vidole tatu ya Mama Godelive iliingia, ikatoka, ikaingia tena.

Akatuma kuita Papa Maliro. Alifika anacheka.

"Wasingya, aksanti, Mama, hapana kunishukuru, shukuru Mungu."

"Papa, kadre ya chuma yenye ilikuya na mulango, iko wapi?"

"Ah. Ile tulipatia Padri. Mulango ya sakristia ilikuwa inaanguka, na kadre yako ilikuwa bado muzima."

"Na paumelle?"

"Zile zilikuwa za nguvu sana. Niliziweka ku depo yangu, juu ya bezi. Pamoja na serrure."

"Kulikuwa mukono ya juu, yenye inarudishaka mulango ijifunge peke."

"Iko ku bureau ya komite. Batu banaachaka wazi, baridi inaingia." Papa Maliro alianza kuona kama ile uso haiko ya shukrani. "Na ule utepe ya pembeni, tulipatia Zorobabel. Alikuwa na huzuni juu ya mulango yake. Mama, kitu ikikuya mu jamaa, mutu moja hakulake peke. Mukichinja mbuzi, mujomba anapata yake, bazee banapata yao. Na weye ulipata nyama yenyewe. Tena na karatasi yake." Akatoa karatasi mu mufuko, akaikunjua kwa heshima. "Ona. Saa moja."

Mama Godelive aliangalia ile karatasi, kisha ile pengo ya vidole tatu. Kwa mara ya kwanza mu maisha yake, mufagio haikumutosha.

"Papa Maliro, hii karatasi inasema juu ya mbuzi yenye inatembea. Weye umekata miguu, umegawanya, umeniletea tumbo. Na sasa unaniambia itakimbia saa moja."

"Mama, weye sasa uko unatafuta makosa."

"Ule utepe inavimbaka moto ikifika, inafunga pengo. Timothée alinionyesha. Bila ile, moshi itapita palepale ilipitaka."

"Bon. Jumapili Padri anakuya kubariki. Baraka inafunga pengo zote."

Alienda. Mama Godelive akabakia na mikono juu ya kichwa. Anaamini baraka kupita batu mingi. Kila asubui anapiga magoti jua bado haijatoka. Lakini hakuona fasi kwenye Bwana alisema tumuachie kazi ya paumelle.

Jumapili Padri Salomon alikuya, na maji ya baraka, na cheteso ya ubani inatoa moshi. Komite ilivaa vizuri. Babinti baliimba. Shekinah alisimama mbele, juu ya magongo yake, kwa sababu bote balikuwa banasema ule mulango ni yake. Padri alipoinua mukono, Mama Godelive akapiga magoti.

"Padri, munisamehe. Mbele mubariki, ninaomba cheteso. Tuiweke mu jikoni, tufunge mulango, siye tubakie huku mu koridoro. Kidogo tu."

Papa Maliro akafunga macho. Padri, mutu ya subira, akamupatia.

Mama Godelive akaongeza ubani mupaka makala ikafunikwa, akaweka cheteso mu jikoni, akafunga. Halafu moshi ikakuya. Ilitoka juu, ikatoka chini, ikatoka upande yote mbili, nyeupe, ya harufu muzuri, mupaka mulango ikakuwa sawa picha ya mutakatifu mwenye anangaa. Mutu alitaka kucheka, akajizuia. Shekinah akaanza kukohoa. Alikohoa ile kikohozi yenye Mama Godelive alijuaka, na Padri na batu bote mu koridoro bakaisikia.

Padri Salomon akasogelea mulango, akagusa mbao na kidole. "Hii kadre, Mama, si ni ya zamani? Ya mupya iko wapi?"

Njo Shekinah akasema, kati ya kikohozi: "Iko kwenu, Padri. Mu sakristia."

Padri akashusha mukono yenye ilikuwa na maji. Akageukia komite, akasema polepole: "Leo sibariki. Mulete mwili muzima." Akaenda mwenyewe, na alba yake, ile kanzu nyeupe ya misa, kuangalia namna ya kuondosha kadre ku ukuta ya sakristia.

Kurudisha vipande ilikuwa musalaba ingine. Papa Maliro alileta paumelle siku ileile, serrure siku ya pili, kwa sababu, alisema, funguo ilipotea, na kweli ilikuwa mu mufuko yake. Mukono ya kurudisha mulango ilitoka ku bureau na malalamiko. Utepe, Zorobabel alikuwa ameifunga ku dirisha ya mama yake, juu ya upepo, na alikuwa ameikata vipande vipande.

"Haina neno," alisema. "Nitaweka kampira ya pneu ya gari."

"Baba Zorobabel. Kampira inaungua."

"Mais iko nyeusi vilevile."

Mama Godelive alimuangalia mupaka akaangalia chini. Baliagiza utepe ingine, kwa ule ule mufanyabiashara ya Kampala, ileile, hapana binamu yake. Timothée akatoka Beni kusimama pembeni. Na tuseme ukweli: wakati Zorobabel alipata vipande yote mbele yake, na mutu ya kumuonyesha kila kimoja kinaenda wapi, aliweka mulango vizuri, kadre imenyooka, pengo nyembamba sawa kucha. Mulango ikajirudisha peke yake, ikafunga na sauti ndogo, sawa mutu anameza mate.

Safari hii Mama Godelive hakuomba cheteso. Aliweka majani mabichi ku moto ya jikoni mupaka Kanyere akatoka analia machozi. Mulango ikafunga. Shekinah akaambiwa atoke ku kitanda, aende inje kwa mwendo yake.

Alienda kwa mwendo yake na zaidi. Alisimama kusalimia ukuta. Alisimama kurekebisha kitambaa. "Papa Maliro," alisema alipopita mbele ya komite, "unaona? Niko haraka kukushinda." Mama Godelive alikuwa nyuma yake, anavuta hewa na pua. Mu koridoro kulikuwa harufu ya sabuni tu. Shekinah akafika inje, akageuka, na hakukohoa. Kisha Padri akabariki.

Asubui yenye ilifuata, Mama Godelive alitoka ku sala, akakuta mulango wazi. Chini yake kulikuwa jiwe.

"Kanyere."

"Mama, mikono yangu yote iko na sufuria. Hii mulango inajifungaka tu. Inanipiga ku kisigino."

"Ilinunuliwa juu ya kujifunga, Kanyere."

"Ndiyo, Mama."

Aliondosha jiwe, akalibeba inje. Kesho yake kulikuwa jiwe ingine. Na kesho ingine. Kanyere hakatalake kitu. Anasema ndiyo, Mama, na analeta jiwe. Mama Godelive alizungumuza naye, alimuombea, alifagia. Mawe yakaendelea kuya.

Kisha mvua ikaanza, na kati ya mulango ya inje na geti, magongo ya Shekinah ikakuwa inazama mu matope. Mama Godelive akaangalia ile fungu ya mawe nyuma ya jikoni. Akaanza kuyapanga, moja moja, chini, kila asubui jiwe ya ile siku.

Njia karibu inafika ku geti. Ni njia muzuri, kavu. Kila jiwe pale lilikamatwa likishika mulango wazi, na Mama Godelive anapofagia, anayafagia pia.